Babu, Furu na Mama Mkwe

Koku, bado nacheka peke yangu hapa Bakoba. Leo babu Mujuni ametuonyesha ile filamu aliyopiga chini ya ziwa enzi za Ujamaa.

Samaki furu wamemzunguka makundi kwa makundi, kama senene wa Novemba. Tukamsifu kwa kukaa chini muda wote ule.

Akasema, "Nilikuwa nimejificha."

Amejificha, Koku. Aliibuka na mtungi wa hewa mgongoni, amevaa chupi tu, akamkuta mama mkwe anafua ufukweni. Mkwe. Akazama tena, akapiga picha za furu mpaka hewa ikakaribia kwisha, akatokea nyuma ya mwamba.

Bibi akamgeukia taratibu. "Mama alikuona. Alifua kanga ileile mchana kutwa, anaona aibu kuinua kichwa."