Mwende Apite Polepole

Jumatatu, 3 Machi

"Mkimbiaji ambaye hajatapika hajafanya mazoezi." Kocha Mutiso amesema hivyo tena leo, mbele ya vijana wote, akinitazama mimi. Basi walevi wote wa hapa Tawa ni mabingwa. Nimesoma kila kitabu nilichopata juu ya mbio ndefu. Siku ngumu iwe ngumu kweli, siku rahisi iwe rahisi kweli. Mutiso ana aina moja tu ya siku.

Mwende, binti wa marehemu dada yangu, ninayemlea, anafanya mazoezi kwa Mutiso. Tarehe kumi na tano, huko mjini Wote, wanachagua timu ya kaunti. Mita elfu kumi. Wanachukuliwa watatu. Na huyu msichana amechoka mpaka analala na viatu. Nina hasira.

Jumatano, 5 Machi

Siku yake rahisi, kwa amri yangu. Nilimwambia akimbie mwendo wa mtu anayeweza kuongea, hadi sokoni na kurudi. Nikamfuata kwa mbali na bodaboda. Mpaka kanisani alikuwa sawa. Alipofika sokoni, mama wa nyanya akapaza sauti: "Mwende, umebeba mayai?" Wanaume wa bodaboda wakacheka. Akafyatuka kama aliyevamiwa na nyuki. Alifika nyumbani miguu ikitetemeka.

Kumbe nina maadui wengi kuliko nilivyodhani. Hapa kwetu ukionekana unakimbia polepole, watu wanajua umeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevaa raba nikakimbia naye. Kwa umri huu, kwa kiuno hiki, leso juu ya suruali. Sharti moja: asinipite. Soko likapata mtu mpya wa kucheka. "Anti, nani anakufukuza?" Nikamjibu mama wa nyanya kwamba ni uzee, na uzee huo unakijua hata kibanda chake. Mwende alicheka njia nzima. Hakuongeza mwendo.

Magoti yanawaka moto. Sijali.

Alhamisi, 13 Machi

Zimebaki siku mbili, na Mutiso anawapeleka vijana mlimani, njia ya Mbooni, kupanda na kushuka hadi mtu aanguke. Nimekataa Mwende asiende. Akasema asiyepanda mlima asimlaumu mtu Jumamosi. Nikamwambia shamba halipaliliwi siku ya kuvuna. Tumebishana kama majogoo, vijana wakitutazama. Mwende alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo: "Kocha, leo napumzika."

Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kama nimekosea, atakayeumia si mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Wa nne.

Hajawahi kukimbia vizuri hivyo. Hata Mutiso aliangalia saa yake mara mbili. Lakini msichana mmoja aliyepanda mlima Alhamisi alimpita kwenye mzunguko wa mwisho, akachukua nafasi ya tatu. Mutiso alinipa tu chupa ya maji nimpelekee Mwende. Afadhali angenitukana.

Njia nzima ya kurudi nilitafuta hoja. Mbio moja haithibitishi kitu. Ni kweli. Ningeweza kuiandika hoja hiyo kurasa tatu nikamnyamazisha mtu yeyote. Mwende alikuwa amelalia bega langu na sikuweza kumwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi magoti yalikataa. Mwende akatoka peke yake. Nilitangulia na bodaboda, nikasimama ndani ya duka la mbegu, mahali asiponiona.

Alikuja taratibu. Mama wa nyanya hakumkosa: "Mwende, hata leo ni mayai?" Nikaona mabega ya Mwende yakipanda, vile yanavyopanda kabla hajafyatuka. Yakashuka.

"Trei nzima, mama," alisema, akapita. Akageuka kurudi kwa mwendo ule ule, mpaka akapotea kwenye kona ya kanisa.

Mama wa nyanya, nyinyi wa bodaboda, na wewe Mutiso: mwacheni apite polepole.