Mke Wangu Kajibu Swali la Tisa

Mpendwa Bi Mwanaasha,

Shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba upesi, maana gazeti lenu hutoka Alhamisi na mimi karatasi zangu nazirudisha Jumamosi, na moja kati ya hizo imenikaa mfukoni siku ya tano sasa sijui niifanyeje.

Mimi ni mtu wa kusini, Mkristo, nina mke mmoja na binti mmoja, Yustina, aliye darasa la nne, na makazi yetu ni Temeke. Tangu mwezi wa pili nimeajiriwa na Bwana mmoja Mwingereza aliyetoka chuo cha kwao kuja kutafiti kwa nini mabinti wa huku wakimaliza darasa la nne hawaendelei na shule ya kati, na kazi yangu ni kupita kila nyumba ya kumi na karatasi ya maswali kumi na mawili, namwuliza mama wa nyumba, naandika, natia sahihi, naondoka. Bwana alitufundisha siku ya kwanza kwamba ukweli umo majumbani tayari, kama magunia ya mchele kwenye magodauni ya Kurasini, na karani ni wa kuingia na kuhesabu tu, asiongeze wala asipunguze, na neno hilo nililipenda hata nikawa nawahubiria watu kwenye kahawa.

Basi swali la tisa linasema, likitokea jambo la masomo ya binti yako, unamwendea nani kwanza kwa ushauri, na chini yake pana visanduku vya mume, baba, mjomba, na mwingine. Wanawake wengi nikiwasomea swali hilo huitazama mikono yao, wananyamaza, na mimi jua linawaka na nyumba zinaningoja, kwa hiyo nilikuwa nawasaidia kidogo kwa kusema, "Mumeo, sivyo?" na mume naye mara nyingi yupo pale pale barazani ananisikiliza, na mwanamke anasema ndiyo, na mimi natia alama. Nimepata wanawake arobaini na sita, wote arobaini na sita ni mume, na Bwana alifurahi mno, akanishika mkono mbele ya makarani wenzangu, akasema sasa imejulikana, ataiandikia Serikali kwamba shauri la mabinti wa Temeke lizungumzwe na akina baba peke yao.

Sasa, Bi Mwanaasha, nyumba ya arobaini na saba katika hesabu ikaangukia kwangu, na sheria hairuhusu karani kuuliza nyumbani kwake, akaenda mwenzangu Ansbert, Mhaya mmoja mpole. Nasikia alimkuta mke wangu anapika, na badala ya kuwekewa kiti kama mtu wa Serikali akapewa nazi, akakaa juu ya kibao cha mbuzi na suruali yake nyeupe, akawa anakuna huku anauliza, na alipofika swali la tisa akanyamaza tu, anakuna, akamaliza nazi ya kwanza, akaanza ya pili, ndipo mke wangu akajibu. Karatasi akanikabidhi niirudishe pamoja na zangu, na kwenye kisanduku cha mwingine imeandikwa kwa wino: "Bi Mwanaasha wa gazetini. Nimeshamwandikia barua tatu."

Nilimwomba Ansbert tuirekebishe, maana mimi ninaishi ndani ya nyumba ile na mambo yake nayajua kuliko mpita njia, akanijibu, "Kaka, mie nimeandika alichosema shemeji. Ukifuta hilo, futa na sahihi yangu." Nikamwuliza mke wangu mbona hakuniambia mimi, akasema, "Baba Yustina, uliniuliza lini?" akaendelea kupepeta mchele wake. Nikiipeleka karatasi hii Bwana atauliza mbona mke wa karani peke yake ndiye tofauti, na zile arobaini na sita zitaanza kukaguliwa, na kazi itakwenda. Naona haya, na ninaogopa. Niambie nifute au nisifute, na kama si vibaya, niambie pia mke wangu alikuandikia nini.

Mimi,
Karani wa Nyumba ya Arobaini na Saba, Temeke

*

Karani,

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha, ila kwa ulivyojieleza Temeke nzima imekwisha kujua ni wewe, kwa hiyo tuseme wazi.

Barua za mkeo huzipati. Ziwe tatu, ziwe thelathini, zimo kwenye droo na ufunguo ninao mimi. Lakini wewe ni mtu wa hesabu, nami nitakupa hesabu. Tangu mwaka uanze nimepokea kutoka Temeke barua thelathini na moja za wanawake juu ya masomo ya mabinti zao. Kwa karatasi zako, watu hao hawapo duniani. Au zote zimetoka nyumba moja? Mkeo anapenda kuandika, lakini si kiasi hicho.

Hata hivyo, nami nisijitie ujuzi. Mwanamke anayesikilizwa na mumewe haniandikii. Ananiandikia aliyekosa wa kumwambia. Kwa hiyo droo yangu nayo ina uongo wake, na ningekuwa na haraka kama wewe ningeiandikia Serikali kwamba Temeke hakuna mume mwenye masikio. Tofauti yetu ni kwamba mimi najua droo yangu imepinda wapi.

Gunia halijali nani analihesabu, wala halimwogopi mume aliyekaa barazani. Mtu akiulizwa hutazama kwanza nani anauliza, nani anasikiliza, na jibu gani litamwacha salama wageni wakishaondoka. Nawe uliingia kila nyumba na jibu limo mdomoni mwako, ukaliita msaada! Msaada kama huo ungempa mtoto kwenye mtihani, mwalimu angewachapa wote wawili. Hukuhesabu wanawake arobaini na sita, mwanangu, ulijihesabu mwenyewe mara arobaini na sita. Ansbert na nazi zake mbili amekuzidi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi na mdomo wake umetulia.

Tena wewe mtu wa kusini! Ni nani aliyekushika mkono akakupeleka shule? Naapa ni mjomba wako, maana kwenu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Sasa katika nyumba zote hizo, za Wazaramo, Wamwera na Wamakua, asitokee hata mjomba mmoja, nawe usishtuke?

Eti unaijua nyumba yako kwa sababu unaishi ndani yake. Na mkeo je, yeye anaishi mbali kule Madale?

Usifute. Kesho asubuhi mwendee Bwana wako kabla hajaandika, umwambie swali la tisa ulilijibu wewe. Atakasirika, na huenda kazi ikaenda kweli, sikufichi, na ninakuonea huruma. Lakini barua yake ikifika Serikalini, mabinti wa watu watafungiwa mlango kwa ajili ya "ndiyo" ambazo mama zao walizitoa ili wewe uondoke. Mwombe zote zirudiwe, waume wakiwa kazini, na mwulizaji awe mwanamke. Akikosekana mwanamke, aende Ansbert.

Na leo jioni, ukishakula, Yustina akiwa kwa jirani, kaa na mkeo pale jikoni. Karatasi usichukue. Mwulize anataka nini juu ya mtoto wenu na shule ya kati, kisha funga mdomo. Atanyamaza, usimsaidie. Ataanza, ataacha, utataka kummalizia, usimmalizie.

Usingoje wiki ijayo. Masista wa shule ya kati ya wasichana wanafunga orodha ya majina ya bwenini Jumatatu, na nafasi iliyobaki ni moja. Nimejuaje, usiniulize mimi.

Bi Mwanaasha