Yale Maziwa Uliyomtumia Baba

Karakana ya ushonaji,
Nyuma ya stesheni.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu kabla ya mengine. Hujambo wewe? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Na wapwa zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku cherehani inanguruma, wifi yako ananenepa na hataki kuambiwa. Hali ya Baba ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Maboksi yako ya maziwa ya soya yalifika. Baba aliyapanga juu ya kabati la saa zake mbovu, akatangaza kwamba hayo ni maziwa ya binti yake, si ya kila mdomo.

Nasikitika, mdogo wangu. Nilipokuambia kwenye simu kwamba daktari wa figo kamtaka apunguze maziwa ya ng'ombe, atumie ya mimea, nilidhani ya mimea yote ni mamoja. Wewe ukachagua yaliyoandikwa "yameongezewa madini". Ningekuwa mimi ningechagua hayohayo, tena ningejisifu.

Kumbe hayo madini ndiyo balaa. Vipimo vya mwezi huu vinaonyesha potasiamu na fosforasi zimepanda, na Baba anajikuna mpaka mashati yanatoboka, nami natia viraka. Mtaalamu wa lishe aliomba kuliona boksi, akasoma maandishi madogo ubavuni. Fosfati, yaani fosforasi ya kuongezwa kiwandani, imo, na soya yenyewe ina potasiamu nyingi. Kwa damu yake ilivyo sasa, alisema, afadhali ya mchele au ya lozi yasiyotiwa fosfati, tena kikombe kidogo. Akiendelea hivi, mashine ya kusafisha damu haiko mbali.

Nimemnunulia ya mchele. Anayaita maji ya kuoshea sufuria, na hapo sina ubishi naye.

Lakini yako anaendelea kuyanywa kwa kujificha. Juzi mchana nilimkuta jikoni, bilauri mkononi, nikapandwa na hasira.

"Baba, unajua kabisa yanakudhuru."

"Najua," akasema. "Nikiyaacha, yule mtoto atauliza kwa nini. Mwache asijue."

Nikarudi karakana, nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Mimi nimeshindwa, na wifi yako ameshindwa. Kwa hiyo mpigie wewe. Usitaje vipimo wala barua hii. Mwambie dukani kwenu yameadimika, na yaliyobaki unataka niyanywe mimi. Atanuna, lakini neno lako hajawahi kulikataa. Najua nakubebesha uongo juu ya huzuni, na roho inaniuma.

Usilie kwenye simu. Sauti yako anaijua.

Shangazi anakusalimu sana. Nisalimie shemeji na wapwa zangu, na Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Kaka yako, mwenye kukupenda leo na siku zote,
Fundi