Mkono wa Kulia wa Gauni

Jumatatu, 5 Agosti

Leo nimejipendekeza. Mama mkwe mtarajiwa ana karakana ya kutarizi, na kompyuta inayoendesha mashine yake inatumia mfumo wa Linux. Alitaka programu mpya ya kuchorea maua, ya mikono ya gauni la harusi. Gauni la mchumba wangu. Harusi Jumamosi hii! Nikamwambia, mama, hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Programu mpya inataka kifurushi fulani, yaani programu ndogo ya kuegemea, toleo jipya. Ile ya zamani, inayoongea na mashine, inataka kifurushi hicho hicho, toleo la kale, na matoleo mawili hayakai pamoja. Kompyuta ikaandika maneno mengi, mwishoni ikauliza: niendelee? Nani husoma yale? Nikabonyeza Ndiyo.

Ikafuta programu ya zamani. Ikafuta na madirisha yote ya kwenye kioo. Kioo cheusi tii, kimstari kinapepesa. Mama mkwe akauliza kama hiyo ndiyo programu mpya. Nikasema inakaribia.

Jumanne, 6 Agosti

Madirisha yamerudi, alhamdulillahi. Nikarudisha programu ya zamani — mpya ikaondoka. Nikarudisha mpya — ya zamani ikaondoka. Wake wenza hawa! Akiingia huyu, yule anafungasha virago. Kutwa nzima. Mafundi wa cherehani wameanza kuniita Dakika Kumi.

Jumatano, 7 Agosti

Hakuna jipya. Mchumba kapiga simu, sauti ya upole mno. Eti mama yake ameanza kumsifia yule daktari wa meno aliyewahi kuleta posa. Nimeogopa kweli kweli. Nampenda yule msichana, halafu nije kumkosa kwa ajili ya kifurushi?

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeweza!! Kumbe hawa si wa kupatanishwa, ni wa kujengewa nyumba mbili. Programu ya zamani nimeitengea chumba chake ndani ya kompyuta, na kifurushi chake cha kale humo humo. Mpya iko sebuleni na chake. Hawaonani kabisa. Maua yanachorwa huku, yanashonwa kule.

Mkono wa kushoto umekwisha, mafundi wameacha cherehani kuja kuutazama. Mama mkwe kaniita mwanangu. Mara mbili!

Bado kuizuia kompyuta isijiapdeti na kuwachanganya tena. Hiyo ya kesho. Kwa sasa nimebandika karatasi kwenye kioo: USIGUSE.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika — kimya. Sindano imeganda katikati ya ua, mkono wa kulia. Kioo cheusi.

Mama mkwe anasema kompyuta ilimuuliza kwa adabu kama iendelee na apdeti, naye akiulizwa vizuri hujibu. Karatasi aliibandua ili aone swali. Akabonyeza Ndiyo. Nikafungua mdomo. Akasema mbona na wewe Jumatatu ulibonyeza? Nikavuta kiti, nikaanza kuitengeneza upya.

Mchumba amekuja kujaribu gauni, na gauni halitoki. Basi amelivaa hivyo hivyo, mkono wa kulia wa gauni umeng'ang'aniwa na mashine. Amekaa kando yangu anatafuna karanga. Ikibidi, anasema, ndoa ifungwe hapa hapa karakana. Mafundi hoi kwa kicheko. Mama yake, wapi!

Sasa kompyuta imeandika maneno mengi. Mwishoni inauliza: niendelee? Kidole changu kilishafika kwenye kitufe, mchumba akakidaka. Soma kwanza, kasema.

Mama mkwe kaenda kuchukua miwani, asome na yeye. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Hakuna kubonyeza chochote mpaka arudi.