Matanga ya Mchezo wa Vita

Kibondo, Ijumaa baada ya Alasiri

Kwako dada yangu mpenzi, Bi Mwanahawa,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie hapo Pangani ukiwa na afya, na lile goti liwe limepata nafuu. Sisi huku milimani tu wazima. Mvua haikatiki na baridi yanitafuna mifupa, alhamdulillahi.

Uliniuliza habari za Hamisi, kijana aliyemposa binti yangu Rukia, ukasema hutatoa rai mpaka nikueleze tabia yake. Kwa hakika nilikwisha azimia kumkatalia, kwa kuwa riziki yake ni ukumbi wa vijana kuchezea michezo ya runinga, pua na mdomo na duka langu. Muda mrefu amewaahidi vijana mchezo mpya wa vita, ambao mchezaji huona mikono na bunduki tu, kana kwamba askari ni yeye mwenyewe. Hata mwanajeshi amemchora ukutani.

Jumanne nilikuta ukumbi umefungwa, vijana wamekaa chini mlangoni, Hamisi ameshika tama. Nikajua pana msiba. Nawe wajua, dada, mfiwa haulizwi. Kwanza mtu hukaa naye. Nikafunga duka, nikatandika mkeka, nikakaa. Watu waliponiona nao wakaja. Mama Odetha, jirani yetu Mha, akaleta kuni na sufuria ya maharage, akaangua kilio pasi na kujua amlilia nani.

Nikafungua dua. Nilipofika pa kumtaja marehemu nikamwinamia Hamisi. "Jina lake nani, mwanangu, na la mama yake?"

Vijana wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza, "Taja lolote, braza, maharage yameiva!"

Hamisi akasimama, jasho likimtoka. "Maalim, nisamehe. Hakuna maiti. Wale waliokuwa wanautengeneza ule mchezo wametangaza wameufuta. Hautoki tena."

"Kwani ulikwisha kutoka?"

"Hapana, Maalim. Tuliona picha zake tu."

Nikatafakari. Kisha nikawaambia hadhirina kwamba mtoto aliyezaliwa bila kulia haswaliwi, sembuse asiyezaliwa kabisa.

"Na machozi yangu nani atanirudishia?" akauliza Mama Odetha. "Kuleni! Maharage hayafutwi."

Tukala, tukawarehemu wafu wetu wote, na baba yetu nikamtaja kwa jina.

Sasa, dada, nimewaza sana. Kijana yule angeweza kunipa jina lolote, nami ningeliombea. Akachagua kuaibika mbele ya mji mzima, na mbele ya baba wa binti anayemtaka, kuliko kuniacha nipeleke uongo kwa Mola. Kazi yake bado siipendi. Lakini mtu wa namna hii nimkatalie kwa hoja gani? Wewe ndiwe shangazi. Neno lako ndilo litakalofunga jambo.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mama mdogo anayeuguza macho, na wajukuu wote wa nyumba hiyo.

Ukiridhia, usikawie kujibu. Tangu Jumanne, kwa kuwa sijamjibu Hamisi, Rukia ananipa chai bila sukari.

Ni mimi nduguyo, nikuombeaye kila swala,
Maalim Shaabani