Nafasi Moja ya Nairobi

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Namchukia Duke. Hilo kwanza, ndipo niendelee.

Leo asubuhi amefungia fimbo zote za gofu ndani ya sanduku lake la bati. Ufunguo ameuvaa shingoni. Sababu? Tangazo! Kuna mashindano ya ustadi wa gofu kwa vijana: kupiga mbali, kupiga kwa kuinua mpira, halafu kuputi, yaani kuusukuma polepole hadi shimoni. Kwanza Oyugis, kisha Homa Bay. Wavulana na wasichana pamoja, mradi hujafika miaka kumi na minane. Mshindi anapelekwa Nairobi, anafundishwa na mwalimu wa gofu na kutafutiwa shule huko huko. Nafasi ni moja. Moja tu.

Nilipomwambia na mimi naingia, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Ati mimi ni wa kuokota mipira.

Ni kweli nimeokota. Yeye alipoanza kuwabebea mifuko wakubwa wanaokuja kucheza wikendi, mimi ndiye nilikuwa naingia vichakani kutafuta mipira yao. Na ni yeye aliyenifundisha kushika fimbo nikiwa darasa la nne. Siku hizo alikuwa bado mtu.

Anacheka, lakini ninamjua. Mtu hafungii vitu kwa sanduku kama haogopi.


Jumatano, 7 Agosti

Mama amemnyang'anya ufunguo. Alimwambia fimbo zililetwa nyumbani kwake, si kwa nyumba ya Duke, na siku Duke atajenga nyumba yake atafungia hata sufuria. Safi sana, Mama!

Tukaenda kiwanjani, mimi na yeye, bila salamu. Kiwanja chetu hapa Osiri ni kile kilichoachwa na watu wa mgodi zamani. Mbuzi ndio wanakata nyasi. Kwa shimo hakuna nyasi kabisa, ni mchanga uliomwagiwa oili chafu, na ukitaka kuputi lazima kwanza uusawazishe kwa reki. Nimesawazisha vizuri, ukawa laini kama ugali umepitishwa mwiko. Duke akapita katikati na viatu vyake. Polepole! Akageuka, akapita tena.

Nikamrushia reki. Ilimkosa. Bahati mbaya.

Baba alisikia kelele kutoka dukani—anawauzia wachimba dhahabu viatu vya gambuti na karai, duka liko karibu na kiwanja. Akaja, akatuangalia wote wawili, akaniambia mimi nirudi nyumbani nikamsaidie Mama. Mimi! Duke alibaki akipiga mipira. Nikiwa jikoni nilikuwa naisikia mmoja mmoja. Tak. Tak. Mpaka jioni.


Jumapili, 11 Agosti

OYUGIS. Niandike yote kabla hasira haijaniharibia mpangilio.

Uwanja wa shule, bendera zimechomekwa, watoto kutoka kila mahali, wengine na kofia na glavu nyeupe. Sisi na fimbo zetu za kuazimana, mimi na Duke. Nilimwachia mkoba kidogo tu niende msalani. Niliporudi kwa meza ya kujiandikisha, kijana wa mezani akaniuliza nataka nini. Nikasema jina langu, Nyasuguta Mosoti. Akasema ndugu yangu ameshamwambia kwamba mimi ni wa kumbebea mkoba, sichezi, kwa hivyo amenifuta.

Amenifuta!

Duke alikuwa amesimama pale pale akifunga kamba za viatu. Hata hakuinua kichwa. Nilipiga kelele mpaka yule jaji mkubwa kutoka Nairobi, mama mmoja anaitwa Madam Priscilla, akaja. Akaniuliza, unacheza au hauchezi? Nikamwambia anipe mpira aone. Akanipa. Nilipiga pale pale kando ya meza, bila kujipima, kwa hasira tupu, na mpira ukaenda ukapita miti ya uzio. Akamwambia yule kijana aniandike tena. Kwa kalamu, akasema, si penseli.

Zamu ya Duke ya kupiga mbali ilipofika, nilisimama nyuma yake. Alipoinua fimbo nikakohoa. Nilikuwa na kikohozi. Kikohozi kilikuja wakati huo na kikaondoka wakati huo.

Alipiga vibaya. Lakini kwenye kuputi alirekebisha kila kitu, shetani yule. Tumepita wote wawili. Yuko pia mvulana wa Kikuria, Zablon Mwikwabe, mrefu, mkimya, anapiga mbali kutushinda sote. Duke anamwita rafiki yake mpya. Walikula miwa pamoja wakinitazama.


Jumatatu, 12 Agosti

Hakuna anayemsemesha mwenzake. Mama ametenga chakula sahani tatu badala ya nne. Mimi na Duke tumewekewa moja, tule pamoja kwa lazima. Nimeacha. Na yeye ameacha. Kuku wamekula.


Alhamisi, 15 Agosti

Nimesikia jambo. Afadhali nisingesikia.

Nilikuwa nyuma ya duka napanga karai. Baba alikuwa anaongea na shangazi, Filister, yule wa Kosele mwenye duka la nguo. Shangazi alisema duka limekuwa kubwa na wasichana anaowaandika wanamwibia. Baba akasema, mwezi wa kwanza nitakuletea Nyasuguta. Akasema kama anaahidi gunia la mahindi! Shangazi akauliza, na shule? Baba akasema, amefika kidato cha kwanza, anajua kusoma na kuhesabu, dukani anahitaji nini zaidi?

Kidato cha kwanza. Basi. Ndiyo mwisho wangu.

Binamu yangu Mokeira alianza hivyo hivyo. Alipelekwa "kusaidia kidogo" dukani kwa shangazi huyo huyo. Sasa ana mtoto na mwanamume wa kutoka migodini ambaye hata jina lake la pili hatulijui. Nikimtembelea huwa haniulizi kuhusu nyumbani, ananiuliza kama bado tunasoma ushairi.

Nilimwambia Duke. Sijui kwa nini. Nilimkuta akisugua fimbo na majivu nikamwambia: wananipeleka Kosele. Akaendelea kusugua. Halafu akasema kila mtu ana mzigo wake, yeye asipoenda Nairobi mwaka huu umri umekwisha, atashuka mashimoni kuchimba kama wengine, na juzi tu udongo umefunika watu wawili huko.

Kwa hivyo ndivyo. Mashimo au Kosele. Mmoja wetu.

Sijalia. Nimeenda kiwanjani nikaputi mpaka mkono ukafa ganzi.


Jumamosi, 17 Agosti

Sabato. Mchungaji amehubiri juu ya Esau na Yakobo. Kanisa zima limejaa watu, na Baba amegeuka kututazama sisi! Duke alikuwa benchi la wanaume, akanikonyeza kama mtu anayesema, sikia hiyo, mwizi wewe. Nikamtolea ulimi. Mzee wa kanisa ameniona. Nitasikia habari yake.


Alhamisi, 22 Agosti

HOMA BAY. Siku ya kwanza.

Baba amefunga duka amekuja nasi. Anasema ni kwa sababu hatuaminiki njiani.

Hapa wanaputi kwenye nyasi! Nyasi fupi, zimekatwa kama nywele za askari. Mpira wangu wa kwanza wa mazoezi ulisimama njiani kama umechoka. Watu wakacheka. Kwetu mchanga una oili, ukigusa tu mpira unateleza. Hapa lazima uupe nguvu. Nilipiga wa pili, wa tatu, nikaelewa. Duke alielewa upesi kuliko mimi. Hakuniambia kitu. Alisimama pale akinitazama nikikosa, mikono mfukoni.

Wenyeji wamejaa kutazama. Kuna mama mmoja anauza samaki wa omena karibu na lango, amenichukua niwe wake. Kila nikiinua fimbo anapiga kelele, "Nyar Kisii, goye! Msichana wa Kisii, upige!" Jaji amemwomba anyamaze mara nyingi. Hajui kunyamaza, Mungu ambariki.

Zablon ametuacha mbali kwenye kupiga mbali. Kwenye kuinua, mimi nimempata. Duke yuko katikati. Kesho ni kuputi ndiko kutakakoamua.

Tunalala kwa mshiriki wa kanisa. Duke amelala chumba cha pili na ninamsikia akijigeuza kitandani. Sala yangu ni fupi: naomba asilale.


Ijumaa, 23 Agosti, asubuhi

Mvua! Imeanza kabla ya chai. Majaji wamejikunyata chini ya turubai. Baba anatembea barazani akitazama mawingu. Ninajua anachofikiria. Jua likizama leo, Sabato imeingia. Hakuna gofu.


Mchana

Ikakatika, tukaputi. Nyasi zimelowa, kila mtu anakosa. Zablon amekosa vibaya sana, aliketi chini akashika kichwa.

Mwisho wa hesabu: mimi na Duke tumelingana. Tumelingana! Zablon wa tatu.

Madam Priscilla amesema tutapiga mpira mmoja mmoja kutoka mbali. Anayefunga, au anayekaribia shimo zaidi, ndiye wa Nairobi. Duke aliniangalia. Sijawahi kuona uso huo. Ulikuwa kama wa mtu aliyemkuta nyoka ndani ya kiatu chake.

Kabla hatujaanza, mvua nyingine. Kubwa kuliko ya kwanza.


Jioni

Mvua imekwisha lakini nyasi ni bwawa. Wanaume wanazikausha kwa magunia, wanayabonyeza, wanayakamua, wanarudia. Jua limetokea chini ya mawingu upande wa ziwa na halina muda mrefu.

Baba alienda kwa Madam Priscilla. Akamwambia kwa adabu, sisi ni Wasabato, jua likizama watoto wangu hawachezi. Naye akamjibu kwa adabu kwamba majaji wanasafiri kesho, na kama watoto wake hawatacheza leo, nafasi ataichukua Zablon.

Ndipo Baba akatuita nyuma ya tangi la maji.

"Mmoja ajitoe sasa hivi, jambo liishe kabla ya Sabato. Nyasuguta, nenda umwambie yule mama umejitoa."

"Kwa nini mimi, Tata?"

"Ndugu yako mwaka ujao amepita umri. Wewe una miaka mbele."

"Nikijitoa leo, mwezi wa kwanza niko shuleni au niko Kosele?"

Hakujua kwamba najua. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye tangi.

"Basi sijitoi," nikasema.

"Unanijibu hivyo mimi?"

Aliinua mkono. Kweli aliinua. Na Duke, ambaye alikuwa ameegemea tangi muda wote kama si yeye anayesemwa, akasema, "Mwache acheze, Tata. Nitamshinda. Sitaki ya kupewa."

Baba akateremsha mkono. Akaenda zake barazani.

Kwa mara ya kwanza mwezi huu nilimheshimu Duke. Papo hapo nikamchukia zaidi. Sitaki ya kupewa! Na kule Oyugis aliponifuta jina, hiyo haikuwa ya kupewa?

Wamerusha sarafu. Yeye ndiye anaanza. Mimi nimekaa kwenye benchi, daftari gotini. Naandika ili nisimtazame.

Anazunguka mpira. Sauti ya viatu vyake kwenye maji. Amechuchumaa. Watu wamenyamaza, hata yule mama wa omena.

Kosa. Kosa. Kosa, Duke. Ndugu yangu wa tumbo moja, kosa.

Amepiga.

Niliinua macho, sikuweza kujizuia. Mpira ulienda sawasawa kabisa, ukipasua maji kama panya anavyokimbia kwenye majani. Nilijua umeingia. Niliona Kosele, niliona mlango wa duka, niliona nguo zimeanikwa. Halafu ukayumba. Ukagusa mdomo wa shimo, ukapita pembeni, ukasimama.

Na mimi nikaruka juu nikapiga kelele, "Ndiyo!"

Kwa sauti. Uwanja mzima. Hakuna mwingine aliyetoa hata pumzi, ni mimi peke yangu, mikono juu. Watu wote wamegeuka. Yule mama wa omena, shabiki wangu, ameweka kiganja kinywani: "Ai, nyar Kisii! Si huyo ni ndugu yako?"

Nimeketi. Daftari liko mikononi kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Wanapima kwa futi kutoka shimo hadi mpira wake. Madam Priscilla anaandika, hanitazami. Baba yuko barazani, amelipa jua uso na sisi ametupa mgongo. Zablon anatafuna jani. Mpira wa Duke uko karibu na shimo, karibu mno, na mimi lazima nifunge au nimkaribie zaidi. Jua limeshagusa maji.

Duke bado amesimama pale alipopigia. Fimbo inaning'inia mkononi. Hatazami mpira, hatazami wanaopima. Ananitazama mimi. Hana hasira. Ningejua la kufanya na hasira yake.

Wameniita.

Nimechukua fimbo, na bado naandika.

Wameniita mara ya pili. Lazima nipige kutoka pale pale aliposimama Duke, na hajasogea.