Nilianza kwa Kiwiko

Kihoto,
Naivasha.
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Adongo,

Salamu nyingi kutoka hapa Kihoto. Habari za Lodwar na joto lake? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama kwa hizo sufuria za shule? Sisi tuko, Mungu ametushika. Baba Mitchelle anakusalimu, bado yuko kule kwa shamba la maua, zamu ya asubuhi. Mama mkwe anakusalimu, anasema ile leso uliyomtumia ni ya kanisani tu. Mtoto Owuor ana meno manne na anauma kila mtu. Mitchelle pia anakusalimu, na ni yeye amenifanya nishike kalamu.

Mvua imezidi. Ziwa limefika kwa ploti ya Mama Wariara, na kiti cha magurudumu cha Mitchelle hakipiti kwa matope. Tangu Machi hatujafika kliniki. Na usiulize kwa nini sikupigi simu. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, na yule mtoto, mwili ndio mzito lakini masikio yake hayana ugonjwa.

Nilikwambia Krismasi kuhusu Cheruto, yule msichana wa mazoezi ya viungo aliyetuletea tableti kutoka Nakuru. Ni mafunzo ya akili ya watoto wenye mtindio wa ubongo kama Mitchelle, yanafanywa kwa intaneti, nusu saa kila siku. Wanyama wanaonyeshwa, wanafunikwa, halafu mtoto anakumbuka punda yuko wapi na mwenzake yuko wapi, anagusa. Akipata, nyota inashuka na ndege anapiga makofi kwa mabawa. Cheruto anaona matokeo yote akiwa huko kwake.

Alinionya siku ya kwanza: "Mama Mitchelle, shika kiwiko tu, mkono usitetemeke. Kidole ni chake."

Dada, nilianza kwa kiwiko. Haki ya Mungu. Lakini kuna saa inayokimbia hapo kwa kona, na unajua vile mkono wake unakakamaa akiharakisha. Naona macho yake yako kwa punda, kidole kinaangukia kuku, nyota imepotea. Basi nikashuka kwa kifundo cha mkono. Halafu nikashika kidole. Nikajiambia namfuata macho tu. Kwani ukimlisha mtoto, anayeshiba si ni yeye?

Lakini wewe sitakuficha. Siku zingine macho yake yalikuwa kwa dirisha na mimi nikaendelea. Mimi niliyeacha shule darasa la tano, hakuna aliyewahi kunipigia makofi, hata ndege. Nikawa nakumbuka wale wanyama hata nikifua. Sasa tuko hatua ya kumi na nne, na sijui tena nyota zipi ni zake na zipi ni zangu.

Cheruto alifurahi mpaka akatoa machozi kwa video. Ijumaa ya tarehe 23 anakuja na mwalimu mkuu wa shule ya hapa karibu, wamuone Mitchelle akicheza peke yake, ndio apewe nafasi darasani muhula ujao. Shule, dada! Ana miaka tisa na hajawahi kukaa kwa deski.

Jana mama mkwe akasimama kanisani akatoa ushuhuda, ati mjukuu wake amefunguliwa akili. Kanisa zima likaimba. Mzee Wanyoike akanishika nje: "Mama, huyo mtoto mnamlisha nini? Nataka nimpelekee huyu wangu wa chuo." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, meno tu.

Tulipofika nyumbani nikajaribu kumwachia. Nikaweka mikono nyuma. Saa ikaisha mara tatu hajagusa kitu. Akaniangalia, akaninyooshea mkono nimshike, akasema polepole vile anavyosema, "Cheza wewe, Mama. Mimi nitapiga makofi." Nikatoka nje kuanua nguo, na hakukuwa na nguo kwa kamba.

Nikifungua mdomo, nafasi ya shule inaenda, pengine na tableti, na mama mkwe atapita wapi pale kanisani? Nikinyamaza, mtoto wangu atawekwa mbele ya wageni na hiyo hatua ya kumi na nne, na watasema hana akili. Na si kweli. Hiyo ndiyo inaniua. Akili anazo. Ni mimi nimezifunika.

Kuna kitufe cha kuanza upya. Kinafuta nyota zote, tunarudi hatua ya kwanza, na Cheruto ataona hapo hapo. Leo kidole changu kimefika hapo mara nyingi, kinarudi. Mume wangu Oduor sijamwambia. Lakini wewe ndiye ulinilea mama alipotuacha. Ukiniambia bonyeza, nitabonyeza. Niambie tu na Cheruto nitamwanzia wapi.

Nisalimie shemeji Micah, na Linah, mwambie mama yake mdogo wa Kihoto hajamsahau. Mungu awapelekee kidogo ya hii mvua yetu, na sisi atupunguzie.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Adero (Mama Mitchelle)

Huo mstari uliopinda hapo chini ni salamu za Mitchelle. Aliniona nikiandika akataka kalamu. Alitaka jina lako, akafika herufi ya kwanza. Ilichukua muda, mpaka uji ukaungua. Sikumshika, hata kiwiko. Barua anakuletea Kabiru, yule dereva wa lori wa Mai Mahiu anayeleta kabeji huko kwenu. Jumamosi anageuza. Tafadhali dada, asirudi mikono mitupu. Mpe jibu.